Mofini, Mtani na Safari ya Songea

Ifakara, Alhamisi, katikati ya Julai. Mwaka wa arobaini na saba tangu niondoke Songea.

Kumekucha na ubaridi wa kipupwe, ukungu umelala juu ya majaruba ya mpunga mpaka jua lilipopanda. Wenyeji wamevaa makoti. Mimi niliyezaliwa nyanda za juu huwa nawacheka kwa makoti yao, lakini jioni hii nimevaa mawili na bado vidole vinatetemeka ninapoandika. Si baridi. Nitaeleza.

Nilikuja bonde hili kwa msimu mmoja wa miwa.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yangu: msimu mmoja, kisha narudi na bati za nyumba. Msimu ukaniingiza kiwandani, kiwanda kikaniingiza maabara, na maabara ikanishika mpaka nikastaafu. Katikati hapo nilioa Mndamba wa hapa Ifakara, Mungu amrehemu, naye akanitoa kwenye kambi za wafanyakazi kule Kidatu akanileta mjini kwao. Kila mwaka nilikuwa na sababu ya kutorudi, na kila sababu ilikuwa nzuri. Leo ndiyo mara ya kwanza sababu yenyewe imeniogopesha.

Wachache mnaosoma ukurasa huu mtandaoni mnajua kwamba ninaumwa. Saratani ilianzia kwenye tezi dume, sasa imehamia kwenye pingili za mgongo. Nakunywa mofini ya maji, kila baada ya saa nne, naivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mwanzoni kiasi kidogo tu kiliniwezesha kukaa kitini na kusoma mpaka mchana. Kisha daktari akaongeza. Kisha akaongeza tena. Sasa kiasi ambacho mwaka jana kingenilaza fofofo kinayapunguza maumivu kama redio ya jirani iliyoshushwa sauti: haijazimwa, na wimbo bado unausikia.

Daktari ni kijana mpole, na maelezo yake ni kwamba mwili umeizoea dawa.

Nimefanya kazi ya kupima utamu wa maji ya miwa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kipimo kikishuka, hatukusema miwa imezoea. Tuliuliza kwa nini. Kwa hiyo nami niliuliza kwa nini. Binti yangu, ambaye ni mwalimu Mang'ula, aliniachia kompyuta yake ya zamani, na kwa majuma mengi nimesoma polepole, kamusi pembeni, aya kwa aya.

Nilichokipata ni hiki, na nakiandika kwa maneno yangu ili nijue kama nimekielewa.

Katika uti wa mgongo neva haziishi peke yake. Zimezungukwa na seli nyingine zenye matawi kama nyota. Wataalamu huziita astrosaiti. Mimi naziita seli za nyota. Kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa gundi tu, za kuzishikilia neva mahali pake. Kumbe zina kazi. Neva inapoipigia nyingine habari ya maumivu, humwaga kemikali kidogo kwenye mwanya ulio kati yao. Seli ya nyota huifyonza kemikali hiyo, ili kelele isiendelee baada ya habari kufika. Nawakumbuka wale vibarua waliokuwa wakizoa matope kwenye mifereji ya mashamba ya miwa. Hakuna aliyewataja siku ya mavuno, lakini walipoacha kazi kwa wiki moja, maji yalifurika mpaka barabarani.

Sasa mofini. Inapofika kwenye uti wa mgongo, inazituliza neva, na hiyo ndiyo nafuu. Lakini ikikaa siku nyingi, seli za nyota huamka. Zinavimba. Zinapunguza ile kazi ya kufyonza. Halafu zenyewe zinaanza kutoa kemikali zilezile ambazo mwili huzitoa ukijeruhiwa, na neva zinazidi kuwa nyepesi kushtuka. Dawa inasukuma kuelekea huku, seli zinasukuma kuelekea kule. Daktari akiongeza dawa, nazo zinaongeza nguvu. Waliofanya majaribio kwa panya waliona kwamba seli hizo zikitulizwa, mofini hudumu na ukali wake kwa muda mrefu zaidi. Kwa binadamu bado hawana hakika, na sijasoma popote kwamba kuna dawa ya kuzituliza ambayo mzee wa Ifakara anaweza kuandikiwa.

Siku niliyoyaelewa haya nilifunga kompyuta. Nilikuwa nikidhani nimefungiwa chumbani na maumivu, na dawa ndiyo mlango. Kumbe kila ninapousukuma mlango, upande wa pili kuna wanaorundika mawe.

Na bonde lenyewe haliniachii pumzi. Huku Udzungwa, kule milima ya Mahenge, katikati sisi, tumelazwa kama nafaka kwenye sinia.

Hapo ndipo nilipojitungia mpango.

Kaka yangu alifariki mwaka jana, na sasa mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Mtoto wake, Osmund, amenijengea nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ile ya baba yake, mlango ukitazama makaburi yetu. Hupiga simu kila Jumapili baada ya misa. "Baba mdogo, tumeshapiga lipu. Tunakungoja wewe tu." Kijijini kwetu hakuna mofini. Niliulizia; inakopatikana ni mbali, na hakuna aliyeweza kuniahidi kwamba nitaipata kila mara. Nikasema, vema. Ikiwa dawa ndiyo inayoziamsha seli za nyota, basi nikiiacha zitalala. Nitaondoka na chupa moja, nitaipunguza njiani, itaishia kijijini. Nitavumilia wiki mbili, labda tatu. Baada ya hapo mgongo wangu utakuwa mgongo wa zamani, na nitakaa mbele ya nyumba yangu nikiota jua.

Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa na mantiki ya maabara.

Jumatatu nilimweleza daktari. Aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu, shikamoo tena," alisema.

"Marahaba. Mbona tena?"

"Kwa sababu umesoma kuliko wanafunzi wangu. Lakini panya wa majaribio hana saratani kwenye pingili. Hiyo saratani peke yake inaziamsha seli hizo, hata usipoonja mofini. Ukiacha dawa, maumivu ya ugonjwa yatakuwepo palepale, na juu yake utapata adha ya kuikosa. Tunaweza kubadilisha dawa, tunaweza kuchanganya na nyingine, kuna njia. Ila niwe nakuona."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, mzee."

Niliitikia kwa heshima. Sikumwamini. Nilijiambia kwamba vijana wa siku hizi wanaogopa hata kivuli cha sindano. Treni ya kwenda Makambako ni Jumamosi, na kutoka pale kuna basi la Songea. Nikafungasha. Tangu Jumanne naishi kutoka begini, kama mtu aliyekwisha kufika stesheni: nachukua shati, narudisha, nachukua chupa, nakunywa, narudisha.

Sasa niseme ya leo.

Jirani yangu ni Skolastika, mjane wa Kipogoro, kwao upande wa Mahenge. Ni mtani wangu. Wangoni na Wapogoro ni watani. Babu zetu walipigana, sisi tumerithi matusi. Sijawahi kumsikia akinisalimia kama watu wanavyosalimiana. Asubuhi, dawa ya alfajiri ikiwa imeshashuka na chupa imesharudi mahali pake, aliingia uani akaliona begi limesimama mlangoni.

"Mngoni! Unahamia wapi na begi la wizi?"

"Narudi kwetu. Nimechoka kutawala mateka."

"Mateka! Mtu anatembea kama kuku aliyenyeshewa, halafu anasema mateka."

"Nyie tuliwaacha hai kwa sababu mlijua kupika wali."

"Na nyie mko hai kwa sababu fisi aliwanusa akawakataa." Alilikamata begi, akajitwisha. "Hili limetekwa. Hakuna Mngoni anayetoka bonde hili bila ruhusa yetu. Ukilitaka, lete jogoo. Jogoo mzima, si yule wako mwenye kideri."

Nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha. Mtani akikutekea kitu hukasiriki, wala humfukuzi barabarani. Unakomboa. Akaenda zake Katindiuka, ambako alikuwa anapeta mpunga wake, begi kichwani, akiimba kuwadhihaki Wangoni njia nzima.

Kicheko kilipoisha ndipo nilipokumbuka chupa.

Ningeweza kumtuma mtu wa bodaboda papo hapo. Nataka niliandike hili wazi, maana ndilo jambo la siku: niliweza, na sikutuma. Sehemu moja ilikuwa ni ukaidi wa utani, kwamba nisionekane nimenyoosha mikono kabla hata chai haijapoa. Lakini sehemu kubwa ilikuwa ni mpango wangu. Nilijiambia, haya, jaribio limeanza mapema. Si unataka kuiacha? Basi hii ndiyo siku ya kwanza, na umeipata bure, ungali nyumbani kwako.

Nikakaa kusubiri seli za nyota zilale.

Wakati wa kipimo cha kwanza nilichokikosa ulipita bila kishindo. Maumivu yalipanda, nikayatambua, nikayapa heshima yake. Nilisoma ukurasa mmoja mara nyingi. Kufikia adhuhuri sikuweza kukaa wala kulala. Pingili za chini zilikuwa kama zinasagwa. Hata hivyo nilijipongeza. Nilikuwa nimetarajia hivyo.

Kisha yakaja ambayo sikuyatarajia.

Kwanza miayo, moja baada ya nyingine, mpaka taya likauma. Kamasi zikaanza kutoka kama za mtoto. Macho yakatiririka machozi na mimi silii. Ngozi ya mikono ikasisimka, ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Miguu ikakataa kutulia, ikawa inarusha mateke yenyewe kitandani, na kila teke lilifika mgongoni. Tumbo likaachia. Sitaeleza zaidi, binti yangu husoma hapa.

Mwili wangu wote ulikuwa unaita kitu kimoja, na haukuwa unaita Songea.

Nilimpigia Skolastika. Nilisikia simu yake ikiita upande wa pili wa ukuta, ndani ya nyumba yake, ilikoachwa ikichajiwa. Nikakata. Nikapiga tena, kwa upumbavu tu, nikaisikiliza inavyoita. Kisha nikampigia kijana wa bodaboda, akaniambia yuko Kiberege na abiria. Nikamwambia asijali. Sikuwa na nguvu ya kutafuta namba nyingine.

Hapo kitandani, shuka mdomoni, nilifanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla. Nilikuwa nimesoma kwamba seli zilizoamshwa hazilali siku dawa inapokosekana. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo. Niliiruka, kwa kuwa haikunifaa. Dawa imeondoka, zenyewe ziko macho, zinaendelea kumwaga zilichozoea kumwaga, na sasa hakuna anayesukuma kutoka upande wa pili. Wale waliokuwa wakirundika mawe mlangoni wanaendelea kurundika. Na nyuma yao saratani inawapelekea mawe mapya.

Wiki mbili, nilisema. Labda tatu. Nilikuwa nimeshindwa kuumaliza mchana.

Skolastika alirudi jua likiwa limeinama. Nilimsikia tangu barabarani.

"Mngoni! Jogoo yuko wapi? Nimekuja na kisu!"

Aliingia chumbani na begi bado kichwani. Aliniona. Alilishusha begi taratibu sana, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

"Kaka," alisema. "Kaka, pole. Una nini?"

Miaka yote ya ujirani wetu hajawahi kuniita kaka. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mchana kutwa.

"Chupa," nilimwambia. "Ndani ya begi. Imeviringishwa na soksi."

Mikono yake ilikuwa na makapi ya mpunga. Aliinawa kwanza, ingawa nilikuwa namwomba asinawe, kisha akanishikia kichwa, nikavuta kipimo changu, nikanywa. Akakaa sakafuni akaegemea kitanda. Alikaa hivyo mpaka miguu yangu ilipoacha kurusha mateke.

"Nilijua ni nguo," alisema.

"Nguo pia zimo."

"Nilitaka uchelewe treni. Basi. Ungechelewa, ungebaki mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo ningeteka kingine." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Hii dawa ni ya namna gani, mtu akiikosa siku moja anakuwa hivi?"

Nikamweleza. Nilimweleza seli za nyota, mifereji, mawe mlangoni, kila kitu. Alisikiliza kama anavyosikiliza bei ya mpunga, yaani kwa makini na bila kuamini.

"Kwa hiyo hao ni watu wa humohumo mwilini mwako?"

"Humohumo. Kazi yao ni kuzitunza neva."

"Na wanakusumbua kwa sababu gani?"

"Dawa imewaamsha. Wanadhani wanalinda."

"Watani hao," alisema. "Mtu atakayekuzika ndiye huyohuyo anayekutekea begi."

Nilicheka, na mara hii haikuuma sana.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa siku nzima. "Ukienda kwenu, na dawa ikaisha, hali itakuwa hii?"

"Hii. Au zaidi."

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui. Na ikipita, ugonjwa utabaki, bila cha kuutuliza."

"Na ukibaki hapa?"

"Nikibaki, itaendelea kunifunga polepole. Daktari atabadilisha hiki, ataongeza kile. Nitakuwa mtu wa kutoka kitandani kwenda hospitali na kurudi."

Nje kulikuwa na harufu ya majani ya mpunga yanayochomwa. Akasimama, akajikung'uta.

"Basi nitakuzika mimi, Mngoni. Nitakutukana pale kaburini mpaka padri aondoke na maji yake ya baraka."

"Utanitukana nini, na wewe ni mateka?"

"Usijali. Nimeanza kukusanya."

Akaenda kuniwekea uji jikoni. Nikachukua simu.

Nilitaka kusubiri Jumapili, lakini nilijijua. Mpaka Jumapili ningekuwa nimetunga mpango mwingine. Osmund alipokea akiwa shambani, upepo wa kwetu ukivuma kwenye simu. Huo upepo naujua.

Nilimwambia asije kunipokea Makambako. Nilimweleza kwamba dawa inanishikilia na sitaishi kama mtu mahali isipopatikana, na kwamba nimelijaribu jambo hilo leo hii hii, si maneno ya daktari tena. Nilimwambia kiti cha mkubwa wa ukoo akikalie yeye. Umri anao, busara anayo, na nyumba ile aingie na familia yake kabla ya mvua.

"Baba mdogo, nyumba ni yako."

"Najua. Ndiyo maana naigawa."

Akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu aliyofundishwa na kaka yangu, "Sawa, baba. Basi tutakuja kukuchukua baadaye."

Nilielewa anachomaanisha. Gari, jeneza, safari ya siku nzima kupanda milima, na hatimaye shimo jipya pembeni ya kaka yangu na mama yangu. Kwa miaka yote hii, hata nilipokuwa siendi, hilo nilikuwa nimejiwekea kama akiba. Kwamba hai nitakawia, lakini mwisho nitafika.

Ningeweza kumwacha aamini hivyo. Ingekuwa rahisi kwake, na mimi nisingekuwepo kuulizwa. Lakini nilifikiria safari hiyo ya kuwasumbua watu wengi kwa ajili ya mtu ambaye hakurudi alipokuwa na miguu. Nikafikiria pia, na hili sikumwambia, kwamba mke wangu amelala hapa peke yake, naye hakuwahi kuniuliza siku nitakayokufa nitakwenda upande gani.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Hata baadaye."

Alilia. Nilimsikiliza. Tukaagana.

Kipimo kijacho kinakaribia. Najua kitanituliza kidogo kuliko kilivyonituliza kile cha mwezi uliopita, na najua sababu. Kesho nitakwenda kwa daktari kijana, nitamwambia alikuwa sahihi, na nitamwomba aanze na hiyo njia nyingine aliyoisema.

Nimezaliwa Songea. Nitafia Ifakara, na nitazikwa Ifakara. Sitarudi.